Wazanzibari mlioko nje, mnasimama vipi na wanaodai haki kwa amani? Tupeane uzoefu

Mwana wa Wete: Assalaam alaykum. Uzi huu ni wa Wazanzibari mlioko nje, Mombasa, Shimoni, London, Muscat popote, na sie tuliobaki pia. Watu wakitoka kudai demokrasia kwa amani nyie huko munafanya nini? Chama gani bora tuweke pembeni, leteni mliyofanya au mliyoyaona wenyewe.

Naanza mie. Januari 27, 2001 nilikuwa skuli bado. Watu walitoka kudai uchaguzi wa 2000 urudiwe, risasi zikalia. Tume ya serikali ilihesabu waliokufa 31, Human Rights Watch wakasema si chini ya 35, na watu kama 2,000 wakakimbilia Kenya. Ami yangu alivuka usiku na dau, bega limefungwa kipande cha kanga, alivyofika Shimoni watu asiowajua hata jina wakampokea wakamuuguza mpaka akapona. Ndo maana nauliza.

Mvuvi wa Shimoni: Wa alaykum salaam. Sie ni Wapemba wa huku, babu zetu walifuata samaki wakabaki. Wageni walivyoshuka hatukuuliza kadi ya chama, kinamama walipika uji kwa masufuria ya harusi, wanaume tukatoa nguo. Na ujue sie wenyewe wakati ule hatuna kitambulisho cha Kenya, ukikutana na askari njiani moyo unakwenda mbio, uraia tumekuja kutambuliwa 2023. Waliotutia moyo ni Wamakonde wa Kwale, 2016 walitoka kwa miguu kwenda Nairobi kumuona Rais Kenyatta, hawakurusha hata jiwe, wakaahidiwa uraia na wakapewa, na mlango ule ule ndo na sie tukaugonga. Kijana akinambia kuandamana ni fujo namsimulia hiyo.

Nipo London: 2001 tulisimama mbele ya ubalozi, baridi kali, mabango ya boksi, mvua ikaja wino ukachuruzika mpaka kwenye mikono ya makoti. Askari alokuja alituomba tu tusizibe njia ya watu. Wallahi nililia, maana nilikuwa nimetoka kupigiwa simu ya msiba nyumbani. Huku mkitaka kutembea munawapa polisi taarifa siku 6 kabla, mkisimama pahala pamoja hata hiyo hamuhitaji. Kwetu sheria inasema taarifa ya maandishi masaa 48 kabla. Kwa hiyo sheria ipo, tunachokikosa ni kuambiwa "haya tokeni, tutawalinda".

Bi Mkubwa wa Konde: Wanangu Mungu awalipe, lakini na mie niseme. Msaada uliotufaa ni ule uliokuja kimya, dawa, daftari za mayatima, pesa ya wakili. Siku hizi kuna anaetuma sauti kwenye WhatsApp "tokeni vijana msiogope" na yeye yuko Ulaya wanawe wamelala. Haifai. Mwanangu akiumia wa kumuuguza ni mie. Kama munataka kuwahimiza, wahimizeni wafuatilie kitambulisho cha mkaazi kwa sheha, yule kiongozi wa mtaa, wajiandikishe wapige kura. Julai 31, 2010 tulipiga kura ya maoni, 66.4% wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa, na tulirudi majumbani kwa salama.

Nipo London: Shikamoo mama, nimekusikia. Grupu letu tumeweka sharti, hakuna kumwambia mtu wa nyumbani atoke wala akae, hilo ni lake yeye anaebeba hatari. Tunachanga ya wakili na matibabu, na kelele tunapiga sie huku maana huku hatupigwi. Lakini mama tusiwasahau wale wa Januari, mie naamini bila wao kusingekuwa na muafaka wa Oktoba 2001, yale makubaliano ya CCM na CUF, na bila ya muafaka hiyo 2010 tusingeiona.

Bi Mkubwa wa Konde: Marahaba mwanangu. Hilo sikukatalii, mmoja wao nilimuosha mie.

Mwana wa Wete: Allah awarehemu. Muscat na Toronto bado hamjasema kitu. Na kama kuna aliefuatilia kesi ya ndugu yake alokamatwa, aeleze wakili alimpata vipi na alianzia wapi, kuna watu huku wanaihitaji hiyo.