Re: Wagosi wa ughaibuni – nimepewa cheti cha Marksman, nifurahi au bado niko chini?

Toka: Binti Chumbageni, Columbus

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo. Swali langu leo si la kutuma hela wala la nauli ya Desemba, ila la viza limo kidogo mwishoni.

Hapa chuoni kuna klabu ya kulenga shabaha, ninayeishi naye bwenini ndo alinivuta jioni moja nilikuwa sina pa kwenda, bunduki zao ni za upepo, umbali mita 10, nikapenda kuliko nilivyotegemea. Sasa miezi mitatu baadaye nimepata cheti cha Pro-Marksman na juzi cha Marksman. Nikamtumia mama picha, mama kairusha kwenye grupu la familia, "binti yangu mlenga shabaha", mashangazi mpaka wa Pangani huko wananipongeza. Halafu jana dada mmoja anayecheza mashindano ananiambia Marksman ndo darasa la mwisho kabisa kwa chini. Mwisho jamani! Mama nimwambie nini mie? Na haya madaraja mtu anapandaje?

La viza ni kwamba muhula ujao wanataka twende renji ya bunduki za kweli, .22, na mie niko hapa kwa viza ya mwanafunzi. Niende?


Toka: Mgosi wa Toledo (niko Tanga likizo)

Marahaba mwanangu. Nakujibu nimekaa barazani kwa mjomba Ngamiani, umeme umekatika tangu adhuhuri na simu ina asilimia 30, nikikatika katikati mtaelewa.

Naanza na la mwisho maana ndo linaloweza kukurudisha Chumbageni kabla ya digrii. USIENDE kwanza. Sheria ya shirikisho huko Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, na ya mwanafunzi imo humohumo, kuwa na bunduki ya baruti, na usidhani ni kumiliki tu, hata ya kuazima, hata ya dakika tano renji mwenzio kakushikisha. Ina vipengele vya kuchomokea, kinachojulikana zaidi ni mtu mwenye leseni halali ya kuwinda ya jimbo, lakini usije ukachomokea hapo kwa maneno ya mgosi wa kwenye mailing list, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, ikibidi mwanasheria, wakuandikie. Mwenye green card hilo katazo halimgusi. Mie nilisubiri mpaka nikaipata ndo nikashika .22, vijana wa kazini walinicheka sana na kofia yangu ya renji niliyoinunua mapema. Hizo za upepo sheria hiyo ya shirikisho haizihesabu, kwa hiyo unachofanya sasa hakina neno, ila ukihama jimbo uliza upya, New Jersey kwa mfano wao ya upepo nayo wanaiita bunduki.

Haya, madaraja. Kilichokuchanganya ni kwamba ziko ngazi mbili na majina wamegawana, sijui waliona uvivu kutafuta mengine. Ngazi yako wewe ni ya vyeti, ya NRA, chama cha bunduki cha Marekani: Pro-Marksman, Marksman, Marksman First Class, Sharpshooter, Expert, juu kabisa Distinguished Expert. Humo hushindani na mtu, unashindana na karatasi. Wanakupa alama za kufikia na unatakiwa uzifikie mara kadhaa siyo mara moja, wala si lazima mfululizo, leo umeharibu basi kesho unaanzia ulipoachia. Unakwenda kwa mwendo wako, unajihesabia mwenyewe, ni lile la juu kabisa tu ndo lazima washuhudie watu.

Ngazi ya dada yako wa klabuni ni ya mashindano. Huko Marksman ndo sakafuni, halafu Sharpshooter, Expert, Master, High Master, na wanachotazama ni wastani wako wa mashindano. Kwa bunduki kubwa, zile wanaziita High Power, ukiwa chini ya asilimia 84 ya alama zote wewe Marksman, 84 unaingia Sharpshooter, 89 Expert, 94 Master, 97 kwenda juu High Master. Ona hapo kati ya Master na High Master ni asilimia 3 tu na kuna watu wamezeeka nazo. Kwa hiyo dada hakukudanganya na mama naye hakukosea, kila mtu kasimama kwenye ngazi yake. Mama muache na furaha zake.

Mie nilivyomwambia mjomba hapa kwamba ni Sharpshooter akaniuliza Mgambo Shooting, timu ya mpira, wamenisajili lini na kwa umri huu nacheza namba ngapi.

Sasa kupanda. Mie kwenye hiyo Sharpshooter nimekaa miaka miwili, na sababu naijua. Nilikuwa nabandika karatasi nzuri kwenye friji, ile moja ya siku nyota imewaka, nikiipita naiangalia najiona Expert. Mzee mmoja wa klabu, fundi mabomba mstaafu, akaniambia niletee zile mbaya. Nikamwambia nimetupa. Akasema basi umetupa shule yako yote. Tangu siku hiyo kila karatasi inakwenda daftarini na tarehe, nimelala saa ngapi, nimekunywa kahawa ngapi, nimevaa viatu gani. Baada ya miezi miwili daftari likasema jambo ambalo mie nisingelikubali kwa mdomo wa mtu: matundu yangu mabaya karibu yote yanaanguka upande mmoja, chini kulia. Mie natumia mkono wa kulia. Ni triga. Nilikuwa nasubiri shabaha ikae sawasawa machoni halafu naichopoa triga kama mtu anayenyakua chenji kwa konda. Na wakati huo nshanunua koti la kulengea na glavu na mkanda mpya, hela ambayo ingemfikisha mtu Tanga na kurudi.

Kuelewa hili jua kwamba kwenye bunduki ya upepo mita 10, ile duara ya katikati ya alama kumi ni nukta ya nusu milimita, na chembe yenyewe unayopiga ina kipenyo cha milimita 4.5. Kumi ni ndogo kuliko kinachoitoboa! Na umesimama. Hakuna binadamu aliyesimama mtutu ukatulia kama umepigiliwa misumari, hata wa Olimpiki unatembea, wao umewazoea unatembea padogo. Sasa mgeni akiona unatembea anavizia upite katikati ndo afyatue kwa nguvu, na kule kuvizia ndo kunakompeleka kwenye saba. Bonyeza taratibu huku unatembea, ukubali.

Zoezi lililonitoa ni la bure. Bunduki tupu, umekagua mara mbili kwamba ni tupu, unaelekeza ukuta salama, mtu anakuwekea sarafu juu ya mtutu karibu na ncha, unabonyeza triga. Sarafu ikianguka umeishtua. Dakika kumi kila usiku, baridi ya Ohio unakwenda wapi zaidi. Lakini muulize kwanza mwalimu wa klabu kama bunduki yenu ya upepo inaruhusu kubonyezwa tupu, nyingine unaziharibu.

Kisa kingine ndo kimenifanya niandike barua ndefu hivi. Juzi wajukuu wa mjomba wamenipa manati, kuna mwembe nyuma ya nyumba, embe bichi. Mie na vyeti vyangu nikarusha mara saba, sikugusa hata jani la karibu. Katoto ka miaka tisa kakachukua, embe la kwanza chini, la pili chini. Nikaacha kutazama embe nikamtazama yeye. Kumbe akishaachia mkono wake unabaki palepale hewani, jicho palepale, mpaka embe lifike chini ndo anashusha. Mie nikiachia tu mkono ushaanguka niko mbioni kuangalia nimepata au nimekosa. Hilo ndo yule fundi mabomba amekuwa akinipigia kelele miaka, baki kwenye shabaha baada ya mlio, hesabu moja mbili ndo ushuke. Nimelielewa chini ya mwembe Ngamiani.

Mjomba naye, alipita JKT Maramba enzi za mujibu wa sheria, anasema wao waliambiwa toa pumzi nusu, zuia, fyatua. Sawa kabisa, ila usizuie sana, zikipita sekunde nane au kumi jicho linaanza kukudanganya, shusha bunduki uanze upya. Kushusha si aibu. Hili ndo gumu kwa sie wa pwani tunavyopenda kumaliza tulichoanza mbele za watu.

Simu asilimia 9.


Toka: Mwana Raskazone, Glasgow

Mgosi umeandika kitabu lol. Naongeza ya huku kwa walioko Uingereza maana kila mwaka mtu anaingia mkenge. England na Wales bunduki ya upepo isiyozidi nguvu ya futi-pauni 12 mtu mzima ananunua bila cheti. Scotland HAPANA, tangu 31 Desemba 2016 lazima cheti cha polisi, kwa hiyo usinunue Leicester ukapanda nayo basi kuja kwangu. Bastola za baruti sahauni, baada ya mauaji ya shuleni Dunblane 1996 walizifunga kwa sheria za 1997. Ukitaka .22 jiunge na klabu iliyoidhinishwa, utakaa mwanachama wa majaribio si chini ya miezi mitatu, na wanakuchunguza, ukienda na pupa ya kuuliza ya kununua siku ya kwanza wanakuona wewe vipi.

Swali: nataka nishuke na moja ya upepo Desemba niwaachie wapwa zangu Tanga, ni ya upepo tu si ndo?


Toka: Binti Chumbageni, Columbus

Anko ahsante wallahi, nimesoma mara mbili. Nimewaandikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni, renji siendi mpaka wajibu. Nimeanza na daftari, karatasi zangu mbaya zipo nyingi hazina tatizo hilo 😂

Mawili ya haraka. Hijabu yangu inanisumbua bunduki ikija shavuni. Na je koti ninunue? Maana yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris 2024 kasimama mkono mfukoni na miwani yake ya kawaida kapata fedha.


Toka: Mgosi wa Toledo

Umeme umerudi.

Yule alikuwa na miaka 51 na miaka mingi ya kazi nyuma ya huo mkono wa mfukoni, na tena ile ilikuwa bastola, mashindano ya wawili wawili. Bastola haina koti. Bunduki koti linasaidia mgongo kweli, ila usinunue mwaka huu, azima la klabu. Hijabu wadada wa Iran wanapigia Olimpiki nayo, vaa ya kubana isiyo na pini upande wa shavu, na isiingie kati ya bega na kitako maana kila siku itakaa tofauti na wewe utalaumu triga. Ramadhani tegemea alama zishuke alasiri, andika daftarini usibadili kitu.

Na unawe mikono kwa sabuni ukitoka, usile chochote renji. Sie kwa Kiswahili tunaita risasi na madini yenyewe ni risasi, hizo chembe ni hayohayo, siyo kitu cha kulamba na chipsi.

Mwana Raskazone, usipakie. Bunduki Tanzania ni kwa kibali, na "ni ya upepo tu" ndo sentensi utakayoirudia usiku mzima mbele ya afande uwanja wa ndege huku wapwa zako wanakusubiri. Unataka kuuliza, uliza polisi kabla ya safari. Wanunulie mpira. Manati wanayo, na wanatushinda.

Ukipita Camp Perry, kambi ya jeshi yenye renji, binti, ni kama mwendo wa saa mbili kutoka Columbus, mashindano ya taifa ya kulenga shabaha yalianza kufanyika pale 1907, kuna ukumbi wa mita 10 wa bunduki za upepo wenye shabaha za elektroniki, tundu linatokea kwenye skrini hapohapo. Angalia siku wanazofungulia watu wote. Nikirudi tutakwenda, mwambie mama ni mie nakupeleka asije akawaza.


Toka: Binti Chumbageni, Columbus

Nimempigia mama nikamweleza zile ngazi mbili zote, Marksman ya chini na Marksman ya cheti. Kasikiliza mpaka mwisho. Kasema sawa mwanangu nimeelewa, ila picha kwenye grupu siitoi.