Mafundi wa Ngamiani, acheni kuwapigia watu Windows kwa sababu ya CptService.exe

Wakuu, salaam. Hili jambo limeshanichosha. Hapa Tanga mjini, kuanzia Ngamiani kwenye barabara za namba mpaka Chumbageni, kumezuka mtindo wa ovyo. Mtu anapeleka kompyuta yake nzito, fundi anafungua Task Manager, anakuta CptService.exe au CptHost.exe, anatangaza kwamba ni kirusi na kinamrekodi mwenye mashine. Dawa yake ni kupiga Windows upya. Mteja analipa, anapoteza tasnifu na picha za familia, kisha anachoma bando kuipakua upya Zoom, programu ya vikao vya video iliyoleta faili hizo, na huduma ileile inarudi. Huo si ufundi, ni kumtoza mtu hofu yake.

CptService.exe ni huduma ya chinichini ya Zoom. Kwenye orodha ya huduma za Windows (services.msc) inaitwa Zoom Sharing Service. Kazi yake ni kumwezesha aliyepewa udhibiti wa mbali kwenye kikao kugusa hata madirisha yaliyofunguliwa kwa haki za msimamizi. CptHost.exe ni ndugu yake wa kuonyesha skrini: anajitokeza ukianza kushea, anatoka ukimaliza. Na Zoom.exe kubaki baada ya kubofya X si ajabu, kwa sababu programu inajificha karibu na saa. Bofya alama yake kwa kitufe cha kulia uchague Exit.

Sasa, kukagua. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, nenda Details, bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua Open file location. CptService halali hukaa ndani ya Common Files\Zoom\Support, chini ya Program Files au Program Files (x86). CptHost na Zoom.exe hukaa kwenye AppData\Roaming\Zoom\bin, au Program Files\Zoom\bin kama Zoom ilisakinishwa kwa watumiaji wote. Ukilikuta jina hilo kwenye Temp, Downloads au System32, hapo una haki ya kushtuka.

Ila msiishie kwenye anwani. Jina na ikoni mtu yeyote anaiga. Fungua Properties, kichupo cha Digital Signatures, chagua saini, bofya Details, na usome kama imeandikwa "This digital signature is OK". Mwenye saini awe Zoom Video Communications, Inc. Kampuni ilibadili jina Novemba 2024 ikawa Zoom Communications, Inc., kwa hiyo kukosekana kwa neno Video kusiwatishe. Anayependa PowerShell, dirisha la amri la Windows, aandike Get-AuthenticodeSignature na anwani ya faili ndani ya alama za nukuu. Jibu la Valid, na mwenye saini akiwa Zoom, ni salama. HashMismatch maana yake faili limechezewa baada ya kutiwa saini. NotSigned kwenye faili linalojiita la Zoom, itoeni mashine mtandaoni kwanza, maswali baadaye.

Kisha huduma yenyewe: kwenye dirisha la amri andika sc.exe qc ZoomCptService. Andikeni sc.exe kwa ukamilifu! Kwenye Windows PowerShell, sc tupu ni kifupi cha Set-Content, kwa hiyo inaunda faili linaloitwa qc na kunyamaza, halafu fundi anamwambia mteja "huduma haijibu, kirusi kimeizuia". Soma mstari wa BINARY_PATH_NAME ulinganishe na anwani uliyoiona. LocalSystem (akaunti ya Windows yenyewe) kwenye SERVICE_START_NAME ni kawaida yake, na ndiyo sababu saini ina uzito: huduma hiyo ina mamlaka makubwa kwenye mashine.

Najua wapo watakaosema Zoom yenyewe ina historia. Ni kweli. Mwaka 2019 mtafiti Jonathan Leitschuh alifichua kwamba kwenye Mac iliacha seva ndogo ya siri kwenye mlango wa mtandao (port) 19421, ikabaki hata baada ya programu kuondolewa, mpaka Apple ikaingilia kuifuta. Lakini historia hiyo inadai ukaguzi, haimpi mtu ruhusa ya kubahatisha.

Hatari iliyopo mitaani ni flashi. Kisakinishi cha Zoom kinatoka steshenari moja hadi nyingine bila mtu kujua kilikoanzia, na mwaka 2020 visakinishi vya Zoom vilivyobebeshwa programu za kuchimba sarafu za kidijitali vilishaonekana duniani. Mashine ikiwa nzito, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Pakueni zoom.us tu.

Na kufuta CptService.exe kwa mkono ni kuharibu. Usajili wa huduma unabaki, Windows ikitaka kuiamsha inakosa faili, na Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, inajaa kosa 7000. Kama mteja haihitaji, ifungue kwenye services.msc uweke Startup type kuwa Disabled. Akitaka Zoom yote iondoke, anzeni na Apps kwenye Settings. Yakibaki mabaki, tumieni CleanZoom, zana ya Zoom wenyewe. Halafu andika sc.exe query ZoomCptService mbele ya mteja. Ikijibu 1060, huduma haipo tena, na hapo ndipo umwambie bei.