Dima, balbu janja au taa za utepe: ipi haivumi kwenye chumba cha sinema cha nyumbani?

Mkazi wa Tabata
Wakuu, salaam. Chumba kimoja hapa nyumbani nimekigeuza kuwa cha sinema: mita 4 kwa 5, projekta, spika tano na sabufa. Nataka taa zififie zenyewe filamu ikianza, zirudi kidogo nikiisimamisha. Nimefunga dima (swichi ya kupunguza mwanga) ya kuzungusha na balbu sita za LED za wati 5, zile zinazokubali dima. Kila filamu ikinyamaza nasikia zzzz juu ya kichwa, na raha yote inakwisha. Nibadili dima, ninunue balbu janja, au ning'oe zote niweke utepe kwenye jipsamu? Sitaki kufanya kazi hii mara ya tatu.

Fundi Umeme Mwanza
Mkuu, tatizo lako nalijua vizuri. Dima hizo nyingi hukata mwanzo wa kila nusu wimbi la umeme. Umeme wetu ni Hz 50, kwa hiyo mkondo unaruka ghafla mara 100 kila sekunde, na koili na kapasita zilizomo kwenye balbu zinatikisika. Ndio huo mvumo. Pia zilitengenezwa enzi za balbu za waya za wati 60. Wewe una wati 30 jumla, na dima nyingi za aina hiyo zinataka mzigo mkubwa kuliko huo.
Soma herufi kwenye dima yenyewe. RL hukata mwanzo wa wimbi, RC hukata mwisho wake, na mkondo unapanda taratibu. Kwa LED chukua RC. Mvumo utapungua sana, ila siwezi kukuahidi utaisha; inategemea na balbu.
Swichi janja za rilei usiziweke humo chumbani. Zinalia "tak" kila zinapowasha, na hazififishi.

Binti wa Nyali
Mimi niko na balbu janja za Philips Hue. Swichi ya ukutani inabaki imewashwa muda wote, balbu inapunguza mwanga yenyewe kwa ndani, na kwangu hazijawahi kuvuma. Intaneti ikikatika rimoti yake bado inafanya kazi. Kasoro ni mbili: mgeni akizima ukutani umekwama, na stima ikirudi usiku zinawaka mwanga wote mpaka ubadilishe mpangilio kwenye programu. Bei nayo si ya mchezo ukihitaji sita.

Jirani wa Kisumu
Kaka wa Tabata, uko na inveta? Kama ni ile ya bei nafuu isiyotoa wimbi laini, hata dima ya RC italia stima ikipotea, kwa sababu inakata wimbi ambalo tayari lina pembe. Mimi nilibadilisha dima mbili bure kabla ya kugundua kosa liko kwa inveta.

Mswahili wa Muscat
Ng'oa, weka utepe wa volti 24. Ukutani hakuna tena kinachokata wimbi la umeme mkubwa. Kinachoweza kulia ni pawa saplai inayoshusha umeme hadi volti 24 na kidhibiti cha mwanga, na hivyo viwili unaviweka kabatini kwenye korido, nje ya mlango. Chagua pawa saplai isiyo na feni. Utepe wenyewe uupitishe nyuma ya viti na pembeni. Ukiuweka karibu na skrini, weusi wa picha unageuka kijivu.

Mkazi wa Tabata
Inveta yangu ni ya wimbi laini, nashukuru kwa kunikumbusha. Naenda na utepe: mita 10, wati 10 kwa mita. Kutoka kabatini ni mita 8. Waya wa mm 1.5 utatosha?

Fundi Umeme Mwanza
Wati 100 kwa volti 24 ni ampea 4 na ushee. Kwa mita 8, kwenda na kurudi, mm 1.5 itapoteza kama volti 0.8. Inatosha, ila weka mm 2.5 na ulishe utepe kutokea katikati, usije ukaona mwisho wake umefifia. Pawa saplai nunua ya wati 150.