Ushauri: Fundi anichomee mtungi nipike mbolea ya kuku nipate fosforasi?

Mfugaji wa Chanika
Habari za jioni wakuu. Nina kuku wa mayai 600 hapa Chanika. Kwa siku natoa kilo 60 hivi za mbolea mbichi na masika haya haikauki. Jirani ameshanishtaki kwa mjumbe mara mbili kwa ajili ya nzi. Sasa nimesoma kuwa kinyesi kikipikwa na maji kwenye chombo kilichofungwa, joto nyuzi 200, kinageuka makaa meusi na fosforasi, kile kirutubisho cha mimea, inabaki humo. Fundi mmoja Gerezani yuko tayari kunichomea mtungi wa zamani wa gesi, niupashe kwa kuni. Mbolea ya dukani bei mnaijua. Italipa?

Fundi Boila
Mkuu, huo mtungi usiuwashe! Maji yakifungiwa yakafika nyuzi 200, presha inakuwa kama mara 15 ya hewa tunayovuta. Sufuria ya presha ya jikoni ni kama mara 2 tu, na ikiziba unajua inavyofanya. Nimeshakuta vali ya usalama imezibwa na kutu kidogo tu. Wewe unataka kupika tope lenye maranda na manyoya. Vyombo vya presha hukaguliwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, siyo kuchomelewa chini ya mwembe.

Mkemia wa Mtaa
Ulichosoma ni kweli, ila nusu. Fosforasi nyingi hubaki kwenye makaa, lakini potasiamu na naitrojeni nyingi huenda na maji. Maji hayo ni meusi kama kahawa tungu, na kwa harufu yake jirani atawakumbuka nzi. Usimwagie mchicha, yana fenoli, kemikali inayodhuru mimea. Halafu kuku wa mayai hula chokaa, ambayo ina kalisi, kwa hiyo fosforasi inashikana na kalisi. Kuitoa unaosha makaa kwa asidi, unaweka magnesiamu na amonia, unapunguza ukali wa asidi hadi pH, yaani kipimo cha ukali huo, ipande ifike 9 hivi, ndipo zinashuka chembe nyeupe za struvaiti. Hiyo ndiyo mbolea. Kwa kilo 60, asidi itakula hela yote ya mayai.

Mfugaji wa Chanika
Duh. Kwa hiyo nibaki na nzi?

Bi Mchicha
Ezeka bati, changanya na maranda, rundo lifike kiunoni, geuza kila wiki. Ukizamisha mkono ukautoa haraka, ujue linaiva. Nzi hatagi kwenye moto. Likinuka amonia ongeza maranda. Likiiva niite, nanunua kwa kiroba. Mbichi siitaki, iliniunguzia tuta zima mwaka jana.

Mkemia wa Mtaa
Kama hiyo struvaiti imekuingia kichwani, jaribu kwa mkojo wa watu. Ukikaa kwenye dumu lililofungwa wiki kadhaa, pH hupanda yenyewe, huhitaji moto. Magnesiamu iko kwenye yale maji machungu yanayobaki chumvi ikishavunwa mabwawani. Tia, koroga, chuja kwa kitambaa.

Mfugaji wa Chanika
Nimempigia fundi, kasema hela ya mtungi hairudi, atanichomea jiko. Haya. Hao wa chumvi Kunduchi si watanicheka?

Mvuvi wa Mtongani
Nenda asubuhi na dumu lako. Ila usiwaambie unakwenda kuchanganya na nini.