Ilhan Omar alikuwa nani kabla ya Bunge la Marekani?

Swali: Ndugu wanajamvi, naomba kujua Ilhan Omar aliomba kura kwa sera gani alipogombea ubunge katika bunge la jimbo la Minnesota mwaka 2016.

Jibu: Ndugu yangu, alizaliwa Somalia, akakimbia vita na kuishi miaka minne katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya, kisha akafika Marekani mwaka 1995. Akiwa na miaka 14 alikuwa akimsindikiza babu yake kwenye mikutano ya chama cha Democratic mtaani ili amtafsirie, na kwa maoni yangu hapo ndipo siasa zake zilipoanzia. Baadaye alikuwa msaidizi wa diwani wa Minneapolis.

Jibu: Niongezee kuhusu sera: alitaka mageuzi katika polisi na mahakama, kima cha chini cha mshahara kipandishwe, na gharama za vyuo zipungue. Kura ya mchujo ya Agosti, ya kumpata mgombea wa chama, ndiyo iliyokuwa ngumu, kwani alimshinda mbunge aliyekuwepo wa chama hicho hicho, Phyllis Kahn, aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 1972. Ya Novemba, dhidi ya vyama vingine, ilikuwa nyepesi, maana eneo la 60B alilogombea ni ngome ya Democratic.

Muulizaji: Ahsanteni. Kumbe kazi ilikuwa ndani ya chama chenyewe!