Otoklevu ya jiko la gesi: vifurushi vinatoka vimelowa, mikasi inaota kutu

zahanati_njombe
Wakuu, habari za kazi. Vifaa vya zahanati tunavitumbukiza kwenye Jik (dawa ya klorini) dakika 10, tunaosha, tunafunga kwa kitambaa, kisha otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) dakika 20 tangu mvuke uanze kutoka. Mkanda wa kupima joto tunaoubandika nje ya kifurushi unabadilika rangi vizuri tu, ila vifurushi vimelowa na mikasi ina kutu kwenye kiungo. Tunakosea wapi?

fundi_mvuke
Kutu ni ya klorini. Hata ukichanganya sawa (Jik ya 3.5%, kipimo 1 kwa maji 6, upate 0.5%), chuma kinaliwa, na damu inaimaliza nguvu dawa yenyewe. Anza na kuosha: maji ya baridi na sabuni, maana ya moto yanagandisha damu. Mkasi uwe wazi, usugue kiungo na brashi ukiwa ndani ya maji ili yasikurukie. Glavu nene, miwani. Suuza, kausha kabisa ndipo ufunge.

Hizo dakika 20 nazo zina shida. Acha valvu wazi mpaka mvuke utoke mfululizo bila kukatika, hewa yote iishe, ndipo ufunge. Hewa ikibaki, geji inasoma presha lakini joto halijafika. Anza kuhesabu kwenye nyuzi 121: dakika 20 kwa vifaa vilivyo wazi, 30 kwa vilivyofungwa.

sista_wodini
Yuko Njombe huyo, mita kama 1,900 juu ya usawa wa bahari! Huko geji ikisoma presha ya 15 psi, joto ni takribani 118 tu, si 121. Anahitaji psi kama 18, na kwanza asome kibao cha mashine kama inaruhusu presha hiyo.

zahanati_njombe
Duh. Na mkanda je?

sista_wodini
Mkanda wa nje unakwambia kifurushi kimepita kwenye joto, basi. Weka kiashiria (kipimo kinachobadilika rangi) katikati ya kifurushi kikubwa kuliko vyote.

Kulowa ni kujaza kupita kiasi, au maji kugusa trei. Vifurushi visimame na nafasi kati yake, bakuli zilale ubavu. Geji ikishuka hadi sifuri, sogeza mfuniko kidogo tu, uache nusu saa. Usivitoe vya moto ukavipanga juu ya meza baridi, vitatoa jasho.

fundi_mvuke
Na kilicholowa hakiendi kabatini, dada. Unyevu unapitisha vijidudu kwenye kitambaa. Fungua, funga upya kwa kitambaa kikavu, rudia mzunguko wote.