Mjadala: Bibi na babu wapewe haki ya kisheria ya kumwona mjukuu?

Mleta mada, Chamwino
Wakuu, salaam. Jirani yangu amemlea mjukuu tangu alipoachishwa ziwa hadi darasa la tatu, wazazi wakiwa mjini wanahangaika na maisha. Mwanawe wa kiume alipofariki, mkwe akaja kumchukua mtoto, akahamia naye Nkuhungu. Sasa simu hazipokelewi. Wazee wanamwambia bibi ni aibu kumpeleka mkwe mahakamani. Mimi nasema aende.

Shida ni njia ya kupitia. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 38, inamruhusu ndugu aliyekuwa akimlea mtoto aombe kumwona kwa vipindi, pale mtu mwingine alipopewa amri ya kukaa naye. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 126, nayo inairuhusu mahakama inayotoa amri ya malezi iagize mtoto awatembelee ndugu wa mzazi aliyefariki. Ninavyozisoma, zote zinasubiri amri itangulie. Huyu mama hajaomba amri yoyote, na kwa nini aombe? Mtoto ni wake. Bibi aanzie wapi? Ndiyo maana nataka sheria imtaje bibi na babu waziwazi.

Mama Wawili, Area C
Mimi ni mjane. Ukweni walipokuja "kumwona mtoto" walikuwa wakihesabu mabati. Likizo moja mwanangu alirudi ananiuliza kwa nini nilimuua baba yake. Leo mnataka hakimu anilazimishe kumpeleka tena?

Mzee wa Bahi
Pole, binti yangu. Lakini sisi Wagogo mtoto ni wa ukoo wa baba. Ng'ombe zilitoka.

Mpita Njia
Shikamoo mzee. Ng'ombe hazimo kwenye kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto. Kilichomo ni maslahi bora ya mtoto.

Marekani walishapita huku. Jimbo la Washington liliruhusu mtu yeyote, wakati wowote, aombe kumwona mtoto. Bibi na babu waliofiwa na mwana wao wakaitumia sheria hiyo dhidi ya mama wa watoto, ambaye hata hakuwa amewakatalia, alitaka tu iwe mara moja kwa mwezi. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ikampa mama ushindi. Ufaransa imeelekea kwingine: haki ya uhusiano na bibi na babu ni ya mtoto mwenyewe, na kinachoweza kuizuia ni maslahi yake tu. Mimi naipenda hiyo. Bibi asiyewahi hata kumfulia mtoto nepi asidai chochote kwa jina la ukoo.

Mleta mada
Mama Wawili, pole sana. Je, amri ikitaja siku, muda na mahali, tuseme ofisi ya ustawi wa jamii na siyo likizo nzima ukweni, ungeikubali?

Mama Wawili, Area C
Masaa mawili, nikiwepo, na mtoto aulizwe kwanza kama anataka. Zaidi ya hapo, hapana.

Mzee wa Bahi
Ofisini? Mjukuu wangu nimsalimie kwa miadi?